Weusi wa Bawaba

Kaole chumvi ya bahari haiachi chuma salama, hata ukikaa nyuma ya mikoko. Ndiyo maana mama mmoja anayeishi jirani na magofu, alipochonga mlango wake wa mninga, aliagiza bawaba za stenlesi kutoka Dar. Zilipofika zikang'aa kama sufuria ya harusi, pembeni ya misumari ya zamani, mikubwa, myeusi.

"Fundi, zitie weusi zifanane na misumari."

"Ondoa shaka, mama. Leo leo."

Fundi akafanya alivyozoea kwa mapanga na mageti: mkaa, mvukuto, bawaba ikaiva nyekundu, akaichovya kwenye oili chafu. Kwa chuma cha kawaida huo ni ufundi halali, kwani weusi hushika na oili hukaa. Kwenye stenlesi hii, weusi huo ulikuwa masizi tu. Ukipitisha kitambaa, yanaondoka nacho. Akairudisha motoni mara ya pili, kisha akaisugua kwa brashi ya waya. Hapo ndipo alipomaliza kuiua.

Stenlesi haishiki kutu upesi kwa sababu ina kromiamu, asilimia 10.5 au zaidi, inayojijengea utando mwembamba usioonekana. Ikikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 450 na 850 hivi, kromiamu hukimbilia kaboni, na sehemu za jirani hubaki bila kinga. Brashi ya chuma nayo huacha chembe zake, zinazooza kwanza.

Kichekesho ni kwamba Harry Brearley, aliyeyeyusha chuma hiki Sheffield mwaka 1913, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Leo wapo wenye bunduki za stenlesi wanaotamani weusi uleule. Wao wakitumia moto wa mkaa, hasara yao si kutu peke yake: moto hupunguza nguvu ya chuma kinachobeba mlipuko.

Masika yalipoingia, michirizi ya kahawia ilishuka kwenye mninga. Bawaba ya akiba, ambayo haikuonja moto, ilikuwa barazani bado nyeupe. Mama akaichukua, akaiweka mbele ya fundi, hakusema neno.

Fundi wa pili, wa Bagamoyo mjini, alinunua bawaba mpya, akazikwaruza kwa msasa ambao haujagusa chuma kingine, akapiga praima ya epoksi, halafu rangi nyeusi isiyong'aa. Bei yake ilimuuma mama. Wa kwanza alichangia nusu, kwa mafungu.