Shahidi Aliyerudi Mezani



Siku moja baada ya ibada, kijana mmoja wa kikundi cha wanafunzi alinifuata nyuma ya hekalu, mkononi ameshika karatasi zilizofungwa kwa uzi. Ilikuwa fotokopi ya buku la zamani la Nguza Karl-i-Bond, lile lililochapwa London mwaka 1982 kwa Kifaransa, lenye jina Mobutu ou l'incarnation du mal zaïrois. Akaniuliza: «Baba Shemasi, mjomba wangu ameniambia nilitupe, kwa sababu aliyeliandika alirudi kula na yule yule aliyemshitaki. Nilitupe?»

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba aniachie karatasi zake. Nimezisoma usiku, pole pole, maana Kifaransa changu ni cha sekondari tu na taa nayo ni ya kubahatisha. Leo ninamjibu hapa, kwa kuwa nimeona ulizo lake si lake peke yake.

Kwa wale waliozaliwa nyuma, niseme kwa kifupi mtu huyu alikuwa nani. Alizaliwa Musumba, kwa Walunda wa Katanga, mwaka 1938, naye ni wa jamaa ya Moïse Tshombe. Alikuwa mtu wa akili na wa maneno. Mobutu akamweka kuwa Minisitiri wa Mambo ya Inje mwaka 1972. Mwaka 1977 askari wa zamani wa Katanga waliokuwa wamekimbilia Angola wakaingia Shaba (ndilo jina la jimbo letu wakati ule), na Nguza akashitakiwa kwamba alijua habari hiyo mbele na akanyamaza. Akahukumiwa kufa. Hakuuawa, hukumu iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha. Yeye mwenyewe alieleza namna alivyoteswa mwilini, mambo ambayo sitayaandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Mwaka uliofuata Mobutu akamsamehe, na mwaka 1979 mtu huyu aliyehukumiwa kufa akarudi kuwa Minisitiri wa Mambo ya Inje. Mwaka 1980 akapanda tena, akawa Komisa wa Leta wa Kwanza, ndiyo kusema premye minisitiri.

Aprili 1981, akiwa Ubelgiji, akaacha kazi. Mwaka ule ule alisimama mbele ya kamati ya wabunge wa Marekani akashuhudia jinsi mali ya inchi ilivyokuwa ikiingia mfukoni mwa mtu mmoja. Halafu likatoka buku. Wazee wananiambia kwamba kukutwa nalo katika Zaïre kulikuwa hatari, kwa hiyo watu walilisoma kwa kujificha.

Mwaka 1985 akarudi Kinshasa. Mwaka 1986 Mobutu akamtuma kuwa balozi wake Washington, mji ule ule alikomshitaki. Kutoka 1988 mpaka 1990 akawa Minisitiri wa Mambo ya Inje tena.

Ndipo mjomba wa kijana wetu anaposema: tupa. Ninamwelewa. Watu wa inchi hii wamechoka na midomo miwili. Lakini tuende taratibu. Ukisema buku ni uongo kwa sababu mwandishi alirudi, umesema pia kwamba Mobutu hakuiba na kwamba magereza yake yalikuwa mahali pa kupumzika. Nani kati yetu mwenye baba au mjomba wa miaka ile anaweza kusema hivyo? Neno la kweli halibadiliki kuwa uongo kwa sababu mdomo uliolitoa umekwenda kula pengine.

Biblia inatuonyesha jambo hili kwa Balaamu (Hesabu 22 mpaka 24). Mfalme Balaki alimwita kwa malipo awalaani Waisraeli. Alipofungua kinywa akatoa baraka, si mara moja, na maneno yale yalikuwa ya Mungu kweli. Lakini mtu mwenyewe? Katika Hesabu 31 tunamkuta ni yeye aliyewafundisha Wamidiani namna ya kuwaangusha wale aliowabariki, na Ufunuo 2:14 bado unamtaja kwa aibu. Hata hivyo hakuna mwalimu aliyekata sura zile katika Biblia. Tunazisoma mpaka leo. Baraka ilibaki kuwa baraka na Balaamu akabaki kuwa Balaamu.

Kwa hiyo, mwanangu, usitupe. Lakini sijamaliza, maana kuna jambo lililonisumbua katika buku hili zaidi ya kule kurudi kwake, nalo liko kwenye kifuniko.

Tazama lile neno, incarnation. Sisi watu wa kanisa tunalijua. Ni kufanyika mwili. Yohana 1:14 inalitumia kwa ajili ya Neno aliyekaa kwetu. Nguza analichukua na kuliweka kwa uovu: uovu wote wa Zaïre umefanyika mwili katika mtu mmoja, jina lake Mobutu. Ninajua wanasiasa husema kwa nguvu ili wasikiwe. Lakini fikirini maana yake. Kama uovu umeingia mwili mmoja, sisi wengine tumebaki safi. Mwenye kuandika amebaki safi, naye alikuwa premye minisitiri. Mkubwa wa gereza, karani aliyepiga muhuri, mwalimu aliyetuchezesha nyimbo za sifa kila asubuhi, wote safi. Hata makanisa. Kanisa letu lilikuwa kati ya yale machache ambayo leta iliyatambua mwishoni mwa mwaka 1971, wakati mengine mengi yalifungwa, na wakubwa walikuja kwetu na kukaa viti vya mbele. Tulishukuru kwa kibali, na kwa mambo mengine tulinyamaza. Ninaandika hivyo bila kumdharau mzee yeyote. Mimi sikuwa nimekwisha kuzaliwa.

Kushitaki ni kazi njema, manabii waliifanya. Lakini Nathani alipomshitaki Daudi (2 Samweli 12) hakuwa amekula mwana-kondoo wa yule maskini. Mtu aliyekula naye akashitaki, ushitaki wake una deni. Zakayo alilijua deni hilo: hakumweleza Yesu habari za wakubwa wa kodi wa Roma, alisema atarudisha mara nne (Luka 19). Kuna ushuhuda unaosema «yeye», na kuna ungamo linalosema «mimi». Tumezoea kuvichanganya, hata katika ibada zetu. Ndugu anasimama mbele akilia na kueleza dhambi za mke wake, za bosi wake, za wachawi wa ukoo, tunaitika amina, naye anarudi kukaa akiwa mwepesi. Hajaungama neno.

Wengine watasema: Shemasi, unamhukumu mtu aliyeteswa. Hapana. Juu ya kurudi kwake mwaka 1985 sisemi kitu kizito. Mtu aliyeonja gereza lile, aliyekaa ugenini kwa watu, akaahidiwa msamaha, mimi sijui ningefanya nini. Papa Simon Kimbangu naye alihukumiwa kufa, tarehe 3 Oktoba 1921, na hukumu yake pia iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha. Yeye alikaa ndani miaka 30, akafia kifungoni Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, wala hakutuachia buku la kuwashitaki waliomfunga. Lakini siwezi kumdai kila mtu miaka 30. Petro mwenyewe hakuweza usiku mmoja.

Nitakalosema ni juu ya siku alipopata nguvu mkononi mwake, kwa maana pale hakuna aliyemshika shingo. Vyama viliporuhusiwa mwaka 1990, Nguza alikuwa mmoja wa wakubwa wa Muungano Mtakatifu wa upinzani, pamoja na Tshisekedi na Ileo. Novemba 1991 akakubali kuwa premye minisitiri wa Mobutu, na wenzake wakamfukuza katika muungano. Tarehe 19 Januari 1992 akaifunga Konferansi ya Taifa, pale ambapo inchi ilikuwa imeanza kuambiana ukweli mbele ya redio. Tarehe 16 Februari Wakristo wa Kinshasa wakatoka barabarani na Biblia, rozari na mishumaa kuomba ifunguliwe. Askari wakapiga risasi. Makumi ya watu walikufa. Mtu aliyeandika dunia isome namna leta inavyofunga vinywa, sasa leta ilikuwa yeye.

Halafu ikaja kwetu. Konferansi ilifunguliwa tena, na tarehe 15 Agosti 1992 ikamchagua Tshisekedi, mtu wa Kasai, achukue nafasi ya Nguza. Hapa Katanga wakubwa wa chama chake, UFERI, pamoja na gavana Kyungu wa Kumwanza, wakawaambia watu kwamba taabu yao ni Mkasai. Wakasai ambao Union Minière iliwaleta babu zao tangu miaka ya 1920 kuchimba na kujenga miji hii! Wakaitwa bilulu, wadudu. Nyumba zikachomwa. Likasi na Kolwezi familia zikalala miezi kwenye vituo vya gari la moshi na ndani ya mashule zikingoja behewa, na wengi, hasa watoto, walikufa pale kwa njaa na magonjwa. Waliofukuzwa jimboni wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Sasa rudini kwenye kifuniko cha buku. Mtu akikubali mara moja kwamba uovu wa inchi umefanyika mwili katika mtu fulani, kesho anaweza kuuhamisha. Jana ulikaa katika mwili wa Mobutu. Leo Mobutu ni rafiki tena, basi uovu utafute mwili mwingine, nao ukapewa mwili wa jirani aliyesema Kiluba cha Kasai. Maneno yamebadilika, lakini kanuni ni ile ile: si mimi, ni yule. Ndiyo sababu ninasema buku lina ukweli mwingi na bado halikumponya mwandishi wake. Alikufa Kinshasa Julai 2003. Roho yake iko mikononi mwa Mungu, na sisi hatuna ufunguo wa mlango ule.

Jambo hili si la wakubwa tu. Mtaani kwetu kulikuwa na likelemba ya mama wa soko. Ndugu mmoja mwenye kujua hesabu aliwaonyesha, daftari mkononi, kwamba mtunza pesa alikuwa akipunguza falanga zao. Kelele nyingi. Baada ya miezi mitatu mtunza pesa akamfanya msaidizi wake, na ndugu akawa bubu. Mama wawili walikuja kwangu: «Kumbe alitudanganya kwa wivu?» Niliwauliza kama wanalo bado lile daftari. Walikuwa wamewasha nalo moto wa makaa, kwa hasira. Ndivyo mtunza pesa alivyoshinda mara mbili, maana alimnunua shahidi, na wenye mali wakachoma ushuhuda wao wenyewe. Ingefaa waweke daftari na kuendelea kudai, na yule ndugu wasimpe tena kiti mpaka arudishe alichokula.

Nimeandika haya yote juu ya mtu mwingine, na sasa kalamu yangu inanishitaki, maana mpaka hapa mimi pia nimesema «yeye» tu.

Mwaka 1992 nilikuwa katika shule ya msingi, Likasi. Benchi la mbele, karibu na dirisha, alikaa mwenzangu ambaye baba yake alizaliwa mji ule ule, lakini babu yake alitoka Kasai. Alikuwa wa kwanza wa darasa, mimi wa pili. Asubuhi moja hakuja. Wala kesho yake. Mwalimu akauliza nani anataka kukaa pale kwenye mwanga. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka.

Siku chache nyuma mama alinituma karibu na kituo cha gari la moshi. Nikamwona, ameketi juu ya godoro lililokunjwa, mdogo wake amelala mapajani. Hakuniuliza juu ya benchi, hakujua. Aliniuliza kama mwalimu amekwisha kusahihisha dikte yetu. Nikajibu hapana. Ilikuwa imesahihishwa. Alikuwa amepata zote, na daftari lake lilikuwa kwangu nyumbani, kwa sababu kurasa za nyuma zilikuwa bado nyeupe. Hakuna gavana aliyenituma kulichukua.

Kijana wangu, aje Jumapili baada ya ibada achukue buku lake. Alisome lote, wala asifiche kwa mjomba. Ndani, baada ya ukurasa wa mwisho, atakuta karatasi moja niliyoandika kwa mkono juu ya benchi lile na dikte ile, pamoja na jina la mwenzangu, ambalo hapa silichapi. Kama ana jamaa Mbujimayi au Mwene-Ditu, anisaidie kuuliza.