Nafsi Iliyoachwa Nje ya Vipimo

Ujuzi usioegemea nafsi, yaani ule ambao ukweli wake haubadiliki kwa kutegemea nani anaangalia wala anajisikiaje, ndio ulioipa sayansi heshima yake. Mgonjwa wa homa hutetemeka kwa baridi ilhali kipimajoto kinaonyesha nyuzi 39, na daktari hufuata kipimajoto. Hata hivyo, baridi anayoihisi mgonjwa huyo ipo, na swali la mahali pake katika ulimwengu halijibiwi kwa kusoma kipimo.

Galileo Galilei, katika kitabu chake Il Saggiatore cha mwaka 1623, alidai kwamba umbo, idadi na mwendo ni sifa za vitu vyenyewe, lakini rangi, ladha na harufu hukaa ndani ya kiumbe anayezihisi, hata kiumbe huyo akiondolewa, nazo hutoweka. Mgawanyo huo ulifungua njia ya kuieleza maada kwa hesabu. Ila kuziweka hisia kando hakukuwa kuthibitisha kwamba hazipo.

Mwaka 1974 mwanafalsafa wa Marekani, Thomas Nagel, alilirudia suala hili kwa mfano wa popo. Popo walao wadudu hutoa milio ambayo kwa kawaida sikio la binadamu haliisikii, na kwa mwangwi unaowarudia hutambua umbali na mwendo wa windo gizani. Mtaalamu anaweza kuipima milio hiyo na kuuchunguza ubongo wa popo mshipa kwa mshipa, asijue bado popo mwenyewe huhisije. Na hata akijifungia pangoni akapiga kelele, atajua tu namna binadamu anavyojisikia anapomwiga popo.

Mwanafalsafa Daniel Dennett, katika kitabu chake cha mwaka 1991, alimpinga Nagel akidai kwamba yakishaelezwa yote ambayo popo anaweza kutambua na kutenda, hakuna siri inayosalia. Hoja hiyo ni nzito, lakini inaihukumu fahamu, yaani huko kuhisi kwenyewe, kwa kanuni ya vipimo iliyotungwa kwa kuiacha fahamu nje, na inasahau kuwa hata makubaliano ya wapimaji ni makubaliano ya watu wanaoona na kufikiri. Nagel, kwa upande wake, hakutangaza kwamba fahamu si tukio la kimwili. Alisema tu kwamba dhana za kutuwezesha kuelewa jinsi inavyoweza kuwa hivyo bado hazijapatikana.