Mbwa Aombaye Mezani

Mbwa amekwisha maliza chakula chake, naye yuaja tena mezani kutukodolea macho. Twamwita mlafi na kumfukuza kwa fimbo. Je, ni haki? Mwaka 2016 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walionyesha ya kuwa yapata robo ya mbwa wa aina ya Labrador wamerithi kasoro katika jeni moja, nayo huwazidishia hamu ya chakula. Basi huyo aombapo hafanyi hila. Njaa aiona kweli. Wengine (tukiri) tumewafundisha sisi wenyewe: tulitupa mfupa siku moja, nao hawakusahau. Kumpa kila aombapo haifai, maana unene huumiza viungo vyake. Sharti tumnyime, lakini fimbo ni ya nini?