Vita Havina Macho?

Methali hii husikika sana matangani. Risasi imempata mama aliyekuwa akifunga kibanda chake cha samaki, na mzee anatikisa kichwa: vita havina macho. Hapo haina kosa. Mfiwa haoni kwa nini huyu kafa na jirani yake kapona, na methali humpunguzia uchungu wa kutafuta sababu.

Shida huanza inapotoka kinywani mwa mfiwa na kuingia kinywani mwa mkubwa. Mkubwa akisema vita havina macho, maana yake mkono wake haumo.

Tuipime Kisumu, Kenya. (Wapo watakaosema ghasia za uchaguzi wa 2007 hazikuwa vita, wakaulize mtaa wa Kondele.) Matokeo ya urais yalipotangazwa Desemba 30, mji ulilipuka. Maduka yakaporwa, nyumba zikachomwa. Zipi? Aghalabu za Wakikuyu na wengine waliodhaniwa kumuunga mkono Rais Kibaki, aliyetangazwa mshindi. Moto haukujua kabila la mwenye nyumba. Kijana aliyeuwasha alijua, pengine kwa kuonyeshwa na mtu wa mtaani. Stathis Kalyvas, msomi Mgiriki wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, husisitiza hilo: mwenye silaha humhitaji mwenyeji wa kumnyooshea kidole, na mwenyeji huyo huenda ana ugomvi wake wa zamani.

Ila tusiwabebeshe vijana yote. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 134 katika mkoa wa Nyanza, na zaidi ya 100 vilitokana na risasi. Vijana walikuwa na mawe. Bunduki zilikuwa za serikali. Wengi waliouawa Kisumu walipigwa kwa nyuma, na mtu halengi mgongo asiouona.

Januari 16, 2008, kamera ya televisheni ya KTN ilinasa vijana wa Kondele wakiwakejeli polisi, mikono mitupu. Askari mmoja akawakimbiza akifyatua risasi. Kijana akaanguka, askari akamfikia, akampiga teke. Methali inakuwa ngumu kuisema mbele ya picha hiyo.

Askari alishtakiwa kwa mauaji. Juni 2010 mahakama ilimwachilia: namba ya bunduki aliyoipima mtaalamu haikulingana na ya bunduki aliyokabidhiwa siku ile. Ilikuwaje namba ikabadilika?