Ulinzi Usioombwa

Upinzani dhidi ya maendeleo ya mwanamke mara nyingi hauji kwa matusi. Huja kwa sauti ya mzazi: tunakulinda, mwanangu. Kwa hiyo ni mgumu kuujibu, maana binti anayeukataa huonekana amewakosea adabu watu wanaompenda.

Chukua Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Mvulana alitakiwa awe na miaka 18 ndipo aoe. Msichana, miaka 15, baba akiridhia. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda mahakamani kuipinga, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Miongoni mwa hoja zake: ndoa humkinga msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Nimeitafakari sana hoja ile. Inamkinga na nini? Wakati huo msichana mjamzito alikuwa hana ruhusa ya kurudi katika shule ya kawaida ya serikali; lango hilo lilifunguliwa Novemba 2021. Aliyemfungia shule ndiye huyo huyo aliyejitolea kumlinda kwa kumwoza. Kilichositiriwa hapo ni aibu ya ukoo, na gharama yake ikalipwa na mtoto.

Ulinzi wa haki una mwisho. Kijana wa kiume hulindwa mpaka akue, kisha huachiwa aamue. Wa binti hauishi, hukabidhiwa tu: baba kwa mume, na mume akifa, shemeji. Anayetoka nje ya ulinzi huo hunyimwa hata haki ya kujibiwa. Mwaka 1989 mwanaharakati wa mazingira wa Kenya, Wangari Maathai, alipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Bungeni wakasema kundi lake ni la wanawake walioachika. Hoja ya bustani ilikuwa wazi kabisa, wao wakajadili ndoa.

Na wanaosema madai haya ya haki za mwanamke ni uzungu wamkumbuke Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake wa Dar es Salaam kudai uhuru tangu 1955. Aliwapinga hao hao Wazungu.

Mzazi mwenzangu, ukitaka kumlinda binti yako, muulize kwanza anataka nini. Kisha jibu lake ulihesabu, hata likikuudhi.