Jezi Ukutani na Jasho la Mchezaji

Mtu akimpenda mchezaji hutaka awe na kitu cha kumkumbuka: jezi yenye jina lake, au picha, au hata sanamu yake ndogo. Katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea mapenzi hayo tunayajua. Timu ya Namungo ya Ruangwa iliingia Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Mwaka 2020 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho nchini, ikafungwa na Simba 2–1 huko Sumbawanga. Na mwaka 2021 ikacheza katika makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Aitunzaye jezi ya miaka ile atunza habari za nchi yake, wala hapana wa kumlaumu. Lakini liko swali moja. Je, twaweza kumheshimu mtu kwa kitu kilichomnyima haki yake?

Swali hili liliwasumbua sana watu wa Marekani. Huko wanafunzi wa vyuo vikuu hucheza mpira wao, ambao huchukuliwa mikononi zaidi kuliko kupigwa kwa miguu, na watu maelfu kwa maelfu huja kuwatazama. Mashabiki hununua jezi, picha na sanamu za wachezaji hao, wakazipanga nyumbani kama vyombo vya thamani. Lakini kwa miaka mingi sheria ilikataza mwanafunzi asipate fedha kwa sababu ya mchezo wake, ila masomo na matunzo tu. Mwaka 2010 A.J. Green, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Georgia, aliuza jezi yake mwenyewe kwa dola 1,000. Akazuiwa kucheza michezo minne. Na wakati huohuo jezi zenye namba yake, namba 8, zilikuwa zikiuzwa madukani, wala yeye hakupewa hata senti.

Waliotunga sheria ile walikuwa na neno la kujitetea: walisema mwanafunzi asigeuke mtu wa kuajiriwa, akaacha vitabu. Neno hilo si la kudharauliwa. Lakini ikiwa fedha humharibu mwanafunzi, mbona hazikumharibu mwenye duka? Tangu Julai 1, 2021, wanafunzi wameruhusiwa kupokea malipo kwa ajili ya jina na sura zao.

Basi tusiwacheke Wamarekani, maana jambo hili limo gulioni mwetu pia. Jezi ya bandia huuzwa kwa bei nafuu. Mwenye kuichapa hupata faida, mwuzaji naye hupata, na klabu iliyowalea wachezaji haipati kitu. Naye anunuaye, akijua, hulia na kucheka pamoja na timu yake, kisha huwalipa wale wanaoipokonya.

Mtu atasema, "Mimi ni mkulima, korosho zangu hazijauzwa, jezi halali nitaipata wapi?" Hoja hii ni ya kweli, lakini umaskini haumlazimishi mtu kuwa na jezi. Mtoto afinyangaye mchezaji kwa udongo, au aandikaye namba kwa mkaa juu ya fulana yake iliyochakaa, hamdhulumu mtu, na heshima yake ni kamili. Tena yuko atunzaye kipande cha tiketi, au ajuaye majina ya kikosi chote kwa moyo. Na mwenye kutaka jezi yenyewe, mtaka cha mvunguni sharti ainame: na aweke akiba mpaka aweze.

Wala tusiwasahau vijana wa shule zetu wachezao bila viatu. Wakipigwa picha, na picha ile ikaleta fedha, wa kwanza kuulizwa wawe wao na wazazi wao. Kitu cha ukumbusho kina thamani pale ambapo yule anayekumbukwa, akiingia nyumbani mwetu na kukiona ukutani, tutaweza kumwambia bila haya jinsi tulivyokipata.