Ndoo ya Maharage: Geuza Asubuhi, Geuza Jioni



Vijana wenzangu, kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Luka 8:4-15, ule mfano wa mpanzi. Tunaujua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza: njia, mwamba, miiba, udongo mzuri. Ukimaliza, jiulize swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza mpaka mwaka ule yaliponikuta: yule mpanzi alitoa wapi mbegu nzima?

Maana mbegu haijitunzi. Mtu aliivuna, akaikausha, akailinda miezi mingi ndipo ikafika mkononi mwa mpanzi.

Nilijifunza hilo kwa bibi yangu, huku kwetu Simbo. Nyuma ya nyumba kuna michikichi kama nyumba nyingi za Kigoma, na mbele kuna shamba la maharage. Mwaka ule bibi alikuwa anaumwa miguu, akaniachia kazi ya mbegu. Maelekezo yalikuwa mafupi: "Maganda yakikauka tu, vuna. Usiyaache shambani. Piga, anika, pepeta, halafu njoo nikuonyeshe cha kufanya."

Nikasema sawa bibi. Si unajua "sawa" za sisi vijana? Maganda yakakauka, mimi nipo kwenye simu. Wiki ikapita, ikapita ya pili. Nilipovuna, maganda mengine yalishapasuka. Nikapiga, nikajaza ndoo, nikafunika. Maharage yalikuwa safi, yanang'aa, hakuna hata moja lenye kasoro. Bibi aliponiuliza nikamwambia yako salama.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilipoanza, tukafungua ndoo. Vumbi jeupe juu, vijidudu vinatembea, na karibu kila punje ina kitobo cha mviringo. Nikasema, "Bibi, wadudu wameingia!" Akanijibu taratibu, "Hapana baba. Hao wanatoka. Kuingia waliingia zamani."

Hilo neno lilinichoma, na si kwa sababu ya maharage.

Wakati huohuo nilikuwa mweka hazina wa vijana kwenye kigango chetu. Nilikuwa na shilingi 86,000 za michango ya sare. Yaani, nilitakiwa kuwa nazo. Nilianza kubeti kwa 500 yangu mwenyewe. Nikala mkeka mmoja, nikanogewa. Kisha zikawa 1,000, kisha 2,000, kisha "nakopa kidogo kwenye michango, Jumamosi narudisha." Jumapili naimba kwaya, nasoma somo, kila mtu ananisifu. Nilikuwa kama ile ndoo: juu safi, ndani yanatafunwa.

Baadaye bwana shamba mmoja alinieleza mambo ya yule mdudu, fukusi wa maharage. Nikuambie, maana ni mahubiri kamili.

Kwanza, fukusi huyu hasubiri stoo. Anaanzia shambani, ganda linapokauka. Jike anatafuta ufa kwenye ganda, au anatoboa pale kwenye mshono, anaingiza mayai. Ndiyo maana bibi alisema nisiyaache shambani.

Pili, mayai yakianguliwa, buu dogo kuliko kichwa cha sindano linatoboa punje na kuingia. Tundu lake la kuingilia ni dogo mno, jicho halilioni. Linakaa ndani linakula. Kukiwa na joto kama la huku kwetu ziwani, ndani ya mwezi mmoja hivi limeshakuwa mdudu kamili, ndipo anafungua kile kitobo unachokiona. Jike mmoja hutaga mayai kama 50. Sasa hesabu mwenyewe kuanzia mavuno ya mwezi wa sita hadi mwezi wa kumi na moja.

Ndugu yangu, unapoona kitobo kwenye maisha yako, pesa ya watu imeliwa, uongo umejulikana, uchumba umevunjika, usiseme "shetani kanivamia leo." Kitobo ni mlango wa kutokea. Alipoingilia ni ule ufa mdogo ulioupuuza wiki nyingi nyuma. Yesu katika mfano wake anataja ndege, mwamba na miiba, adui wanaoonekana. Lakini katika Mathayo 6:19-20 anatuonya pia kuhusu nondo, anayekula taratibu humohumo ndani ya sanduku.

Tatu, na hili ndilo lililonigusa zaidi. Buu likitaka kuingia kwenye punje haliwezi kwa mara moja. Linahitaji muda, kama siku nzima au zaidi, na linahitaji kuegemea punje ya jirani ili lipate nguvu ya kutoboa. Sasa watafiti waligundua kitu rahisi sana. Ukiweka maharage kwenye chombo ambacho hakijajaa, ukakigeuza asubuhi na jioni kila siku ili punje zibiringike, buu linapoteza tundu lake na pa kuegemea. Linaanza upya. Ukigeuza tena, linaanza tena, mpaka linachoka na kufa. Karibu wote wanaisha. Hujatumia dawa wala hela. Umegeuza ndoo tu.

Asubuhi na jioni! Kanisa halijafikiria fukusi, lakini hekima ni ileile. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, unafundisha kwamba Masifu ya asubuhi na Masifu ya jioni ni bawaba mbili ambazo sala ya kila siku inageukia. Na usiku, kabla ya kulala, Kanisa linatupa nafasi ya kuchunguza dhamiri.

Wengi wetu tunadharau sala fupi. Tunasubiri mafungo, semina, mkesha wa maombi. Ni vizuri, nenda. Lakini ndoo inayogeuzwa mara moja kwa mwaka, hata igeuzwe kwa kelele nyingi, fukusi ana miezi yote ya kufanya kazi yake. Dakika tatu asubuhi, dakika tatu jioni, kila siku: "Bwana, leo nimeegemea wapi? Ni wazo gani limeanza kutoboa?" Jaribu likivurugwa mapema halipati muda wa kuwa tabia.

Na usiijaze ndoo pomoni. Ikijaa, punje hazibiringiki. Siku iliyojaa simu kuanzia kuamka mpaka kulala haina nafasi ya kugeuzwa.

Mwisho, mafuta. Kile bibi alichotaka kunionyesha kilikuwa kupaka mbegu mawese kidogo. Kijiko kimoja cha chai kwa kilo moja kinatosha, unachanganya mpaka kila punje ing'ae. Mafuta yanafunika mayai, yanakosa hewa. Nawe ulipakwa Mafuta ya Wakatekumeni kabla ya maji ya Ubatizo, upate nguvu ya kumkataa mwovu, kisha Krisma. Mbegu yako haikuachwa bila ulinzi. Uliupokea. Sasa ishi kama mtu aliyepakwa.

Unataka kujua iliishaje? Bibi hakunigombeza. Alikaa mkekani, akamimina maharage kwenye ungo, akachagua moja moja. Kutoka ndoo nzima tukapata bakuli mbili za punje nzima. Akasema, "Kilichobaki kinatosha kuanza."

Jumamosi ile nilikwenda kwenye Sakramenti ya Kitubio. Padre alinisikiliza, akaniondolea, na akaniambia wazi kwamba pesa lazima irudi. Nikamfuata mwenyekiti wetu, nikamwambia ukweli, magoti yanatetemeka. Alinyamaza muda mrefu. Niliachia uweka hazina, na ilikuwa haki. Miezi miwili nikakamua mawese kwa majirani mpaka shilingi ya mwisho ikarudi. Wapo ambao hadi leo hawaniamini vizuri. Nawaelewa.

Zile bakuli mbili tulizipanda. Msimu uliofuata nilivuna maganda yalipokauka tu, na ndoo nikaigeuza asubuhi na jioni, huku nasali.

Kama leo umeona vitobo, usiimwage ndoo yote. Nenda ukaungame wiki hii. Mungu ana ungo, na ana subira kuliko bibi yangu. Na kama huoni kitobo hata kimoja, mshukuru Mungu, halafu geuza ndoo.

Tusali: Ee Yesu Mpanzi mwema, umeniwekea mbegu yako moyoni. Nionyeshe ufa nilioupuuza. Uniamshe asubuhi nikutafute, unirudishe jioni nikueleze ukweli. Kilichobaki kizima ndani yangu, ukipande tena. Amina.

Bikira Maria, uliyelitunza Neno moyoni mwako, utuombee.